Winchi Aliyoichora Baba

Scolastika Valerian,
S.L.P. 318,
Shinyanga.
14 Novemba, 1999

Mpendwa Baba Mdogo Bartholomeo,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Gaborone, wewe na Mama Mdogo, na Aneth ambaye nasikia sasa amempita mama yake kwa urefu. Mgongo wako uliokuwa ukikusumbua umepoa? Sisi huku tunaendelea, kwa kadiri ya watu waliofiwa. Mama anakula kidogo kidogo. Bibi bado yuko Tinde na hataki kuhamia mjini; anasema akiondoka, nani atafukuza kuku kwenye kaburi la mwanawe. Mvua za kwanza zimenyesha, watu wameshika majembe.

Pole tena kwa msiba. Najua ulivyohangaika kupata ruhusa kazini, na kwamba taarifa ilikufikia tumeshazika. Hapa hakuna anayekulaumu. Bibi mwenyewe aliwaambia watu matangani kuwa njia ni ndefu na mwenye haki ya kusema ni yule aliyewahi kuisafiri. Hapo maneno yakaisha.

Siku ulipopiga simu dukani kwa Bwana Hozefa uliniuliza jambo moja tu, kama Baba aliwahi kulifungua lile boksi ulilomtumia. Nikajibu ndiyo, laini ikakatika. Tangu siku hiyo, ile "ndiyo" yangu inanisumbua. Si uongo, lakini ni fupi mno, na nisingependa uishi nayo hivyo ilivyo. Leo ni Jumapili, tumetoka kanisani, nyumba imetulia. Nimekaa nikueleze.

Unakumbuka likizo yako ya mwaka tisini na tano. Uliingia ofisini kwa Baba ukamkuta ameinamia meza yake ya kuchorea na kalamu ya wino, ukasema mbele ya wenzake kwamba kule kwenu mnachora kwa kompyuta, kalamu kama zile wanachezea watoto. Ulikuwa unamtania kaka yako, na yeye alicheka. Lakini mwaka uliofuata walipoanza kupunguza wafanyakazi na jina lake likawemo, utani ule uligeuka mwiba. Alikuwa akisema, "Bartholomeo aliniona nimekufa kabla sijafa." Na kwa kuwa yeye ndiye aliyekufundisha kushika rula, iliuma zaidi.

Ndiyo maana kompyuta uliyomtumia haikupokewa kama zawadi. Alimwambia Mama aiweke konani. Mama akalifunika boksi kwa kitenge, redio ikawekwa juu, wageni wakadhani ni meza. Barua zako alizisoma zote, akazirudisha kwenye bahasha zake, hakujibu. Mama alijaribu kusema naye akachoka. Samahani kukuandikia haya wazi, lakini ukisikia nusu utajiongezea mwenyewe nusu nyingine, na hiyo huwa mbaya zaidi.

Baada ya hapo alikwenda Geita. Alisikia kampuni moja ya utafiti wa dhahabu inatafuta wachoraji, akavaa koti lake la kazini, akaenda. Kijana aliyempokea alikuwa na adabu, alimwamkia vizuri, kisha akamuuliza kama anachora kwa kompyuta. Baba akamjibu, "Mwanangu, mimi nina mkono." Kijana akamwomba radhi.

Hakurudi nyumbani kwa aibu. Alibaki hukohuko akiwachorea wenye maduara, yale mashimo ya wachimbaji wadogo, ili wajue njia zao za chini zinaelekea wapi wasije wakaangukiana. Ndipo mkono wa kulia ulipoanza kutetemeka. Kwanza alidhani ni baridi, halafu uchovu. Mwenye duara mmoja aliinua mchoro wake mbele ya watu akauliza, "Mzee, huu ni mstari au nyoka?" Baba alifunga vitu vyake akapanda basi. Tulimpeleka hospitali ya Kolandoto, wakatuambia ni ugonjwa wa mishipa ya fahamu, kwamba dawa za kuutuliza zipo, za kuuondoa hakuna.

Sasa nije kwenye boksi. Baba akiwa Geita mimi nilipata kazi ya ukarani kwa Bwana Hozefa, yule wa vifaa vya ujenzi. Dukani kwake kuna kompyuta iliyounganishwa na simu. Humo niliona tangazo la kozi ya michoro ya ufundi kwa kompyuta, hatua ya kati, inayofundishwa kwa barua pepe kutoka Nairobi. Hatua ya kwanza nilishaipita kwa mkono shuleni. Bwana Hozefa akanikubalia nitumie laini yake baada ya kufunga duka. Mwalimu wetu, mama mmoja aitwaye Ruchi, hutuma somo, mimi nalinakili kwenye disketi, nakwenda kufanya zoezi nyumbani, kesho yake nalirudisha kwa njia ileile. Hadi leo sijawahi kumwona.

Kwa hiyo aliyelifungua boksi, Baba Mdogo, ni mimi. Nilimwomba Mama, tukaondoa redio, tukakata kamba. Ile programu ya kuchorea uliyoiweka humo ilikuwa ya zamani kidogo, ila Mwalimu alisema inatosha.

Baba aliporudi akakuta redio iko dirishani na kioo kinawaka. Kila nikikaa kufanya zoezi, yeye aliketi kizingitini amenipa mgongo, anatazama barabara. Ilikuwa hivyo kwa muda mrefu, nami nikaacha kumsemesha.

Jioni moja nilikuwa nachora mkato wa kiungo cha bomba, yaani kile kionekanacho kitu kikipasuliwa katikati kwa msumeno. Nilikuwa nikijaza mistari ya mshazari, ile inayoonyesha palipokatwa, kila mahali, hata kwenye bolti. Sikujua kama amegeuka.

"Bolti haikatwi, Scola," alisema. "Msumeno upite usipite, kwenye mchoro bolti inabaki nzima."

Nilifuta. Kisha nikajisogeza kwenye benchi, nikamwachia nafasi. Siku ile hakuja kukaa. Alikuja kukaa wiki nyingine, umeme wa mgawo uliporudi, akiwa ameshanawa mikono kama mtu anayekwenda kula.

Nilimpa kipanya. Mshale ukaruka huku na huku kwenye kioo kama inzi aliyefungiwa chumbani, naye akataka kuinuka. Nikamwambia, "Baba, usishindane na mkono. Sogea tu karibu na ncha ya mstari, mashine itainasa yenyewe." Akasogea. Mshale ukanasa ncha, akabonyeza, akavuta hadi pembe ya pili, na ule mstari ukatoka umenyooka.

Aliondoa mkono, akautazama ukitetemeka juu ya paja lake, akatazama mstari.

"Rudia," aliniambia. Kisha akasema, "Hapana. Acha nirudie mwenyewe."

Tangu siku hiyo kozi ikawa na wanafunzi wawili kwa ada ya mmoja, na Mwalimu Ruchi nilipomweleza akasema hakuna shida. Usidhani kila kitu kilimnyookea. Zoezi lake la kwanza lilirudi limejaa masahihisho. Unajua kwamba kwenye kompyuta mchoro hupangwa kwa matabaka, kama karatasi zinazopitisha mwanga zilizolazwa moja juu ya nyingine. Yeye alikuwa amechanganya vipimo na mistari iliyofichika kwenye tabaka moja. Nilitaka kulificha lile jibu, nikaogopa. Alilisoma hadi chini, akasema, "Huyu mama anajua kazi yake," akaanza upya. Mama aliniambia jikoni kwamba hajamwona na uso ule tangu alipoachishwa kazi.

Ninachojutia ni muda. Mashine ilikaa pale konani miaka miwili tunasikiliza taarifa ya habari juu yake, na mkono wa Baba ulikuwa bado una nguvu. Angeanza mapema, pengine yule kijana wa Geita angempa kiti. Ninawaza hivyo nikiwa peke yangu, kisha najikemea, maana hayarudi.

Zoezi la mwisho lilikuwa kuchora mashine nzima yenye sehemu nyingi, kila mtu achague yake. Mimi nilichagua pampu ya kisima. Baba alichagua winchi ya mkono, ile ya kushushia watu na kupandishia mawe kwenye duara. Alipokuwa Geita aliona moja inamponyoka mtu mkononi, ndoo ikashuka na kumvunja bega aliyekuwa chini. Yake aliitia gurudumu lenye meno na kabari inayoingia kati ya meno hayo, ili mkono ukichoka, kamba isirudi nyuma. Alikuwa akisimama katikati ya chakula kwenda kubadilisha jino moja.

Ilipokamilika, tukafika kwenye kile kisanduku cha kona ya chini. Unakijua kuliko mimi. Akaniambia niandike, "Imechorwa na Valerian Bujiku." Halafu akasema, "Imekaguliwa na Bartholomeo Bujiku."

Nilidhani amekosea. "Baba, mkaguzi si Mwalimu Ruchi?"

"Mwalimu atakagua kwa ajili ya kozi. Hii watu watashuka nayo ardhini. Mchoro wa namna hii hautoki kwa jicho la mtu mmoja."

"Na Baba Mdogo anajua?"

"Atajua ukimfikia. Usimpigie simu. Nataka auone kwanza."

Nikatii. Kwa kweli hapo ndipo moyo wangu unaponiuma. Dukani kuna mashine ya kuchapa karatasi ndogo tu, na Baba hakutaka uchapwe mdogo, wala ukunjwe kama leso. Alitaka karatasi kubwa, na mashine ya kuchapa karatasi hizo iko Mwanza. Nikasubiri mtu wa kwenda Mwanza. Mara gari la Bwana Hozefa limeharibika, mara mimi nina hesabu za mwisho wa mwezi. Kila siku Baba aliuliza, nami nilimwambia wiki ijayo. Mwanzoni mwa Septemba akashikwa na homa ya mapafu, na hatukukaa naye tena sana. Kama ningekupigia simu nikakwambia tu kwamba kuna mchoro unakuja, mngeongea. Nawaza mngeongea kuhusu meno ya gurudumu na si jambo jingine, lakini mngeongea.

Hospitalini Mama alimuuliza kama ana neno la kukupelekea. Akasema, "Si kuna mchoro?" Akalala. Ndugu wengine wanasema nikuandikie kwamba alikutaja kwa upendo na kukusamehe yote. Hakusema hivyo, Baba Mdogo, nami sitamtungia maneno ambaye hawezi tena kuyakana. Aliyoyasema ndiyo hayo niliyoandika.

Mama anakusalimu, anasema usiache kula kwa mawazo. Bibi anakusalimu sana na anauliza utakuja lini umlete Aneth aone kwao. Dada yangu Sikujua anawasalimu; amejifungua mtoto wa kike salama, na mimi naye tunamsalimu Mama Mdogo kwa majina yetu ya utani anayoyajua mwenyewe. Bwana Hozefa na nyumba yake wanakupa pole. Mimi nilifaulu kozi. Mwalimu Ruchi alimpa Baba alama zake pia, ingawa jina lake halikuwa kwenye daftari la wanafunzi, na zilikuwa juu kuliko zangu kidogo.

Wiki iliyopita nilikwenda Mwanza mwenyewe. Mchoro nimeuviringisha ndani ya bomba la plastiki na kuutuma kwa rejista, utafika nyuma ya barua hii. Ninakuomba uutazame kama unavyotazama mchoro wa mtu yeyote, usimhurumie. Mimi nimeurudia mara nyingi, na nina wasiwasi na ile kabari, naona ni nyembamba kwa uzito wa mtu na ndoo. Inawezekana amekosea. Kama amekosea, weka wino mwekundu na urudishe, nitasahihisha kwenye mashine. Kuna fundi wa kuchomelea huko Geita anayeitwa Nasibu. Baba alishamwahidi, naye amekataa kukata hata kipande kimoja cha chuma mpaka mkaguzi aweke sahihi. Jina lako lipo pale. Sahihi ndiyo bado.

Mungu akulinde wewe na nyumba yako, aulaze moyo wako mahali pazuri, na akutunzie macho.

Ni mimi mwanao nikupendaye,

Scolastika