Gambusi la Baba Limepata Vigingi Vipya

Kwa dada yangu Mwanaisha, uliyenilea, huko Pangani.

Nakusalimu wewe na wote wanaolala chini ya dari yako. Mimi ni mzima, homa imeniacha tangu mvua zilipopungua, na ninakula vizuri. Goti lako je? Ile dawa ya mafuta ya nyonyo imekusaidia, au bado unapanda ngazi kwa kushika ukuta? Na shemeji, kifua chake kimepona? Unijibu yote, usinifiche neno kwa sababu niko mbali.

Dada, leo mkono wangu unakimbia kuliko wino. Gambusi la baba linalia tena!

Nianze mwanzo, maana sikupata kukueleza lilivyonyamaza. Tulipotoka Kabambare kuja hapa Kasongo tulivuka mto Luama, nao umejaa. Mpagazi aliyebeba vitu vyangu akateleza, akazama pamoja na gambusi. Yeye alitoka salama, namshukuru Mungu. Gambusi nililianika kivulini siku nyingi, ngozi yake ikakaza vizuri. Lakini vile vigingi saba vya kichwani, ambavyo baba alikuwa akivizungusha kukaza nyuzi, vilivimba ndani ya matundu yake, kisha vikasinyaa. Viwili vilinikatikia mkononi. Vilivyobaki havikushika tena. Ninakaza uzi, na kabla sijamaliza ubeti, uzi umelegea. Nikalitundika ukutani, na kila nikilitazama moyo unaniuma.

Sasa, mwezi uliopita bwana wetu, Bwana Nasoro, ambaye mimi ni karani wake, alitangaza harusi ya binti yake. Akaniita akasema anataka gambusi la Pangani lisikike uani kwake, na kwamba nikiwafurahisha wageni nitaomba nitakacho naye atanipa. Wewe unajua ningeomba nini. Mwaka wa nne huu namwomba ruhusa ya kurudi pwani, na kila mara anasema hana mwingine wa kumwandikia. Nilitoka pale kama niliyekwisha funga mizigo.

Bwana Nasoro mwenyewe akanipa ncha ya pembe ya ndovu ili vigingi vitengenezwe kwa fahari. Akavichonga Kalonda, fundi anayechonga milango ya nyumba hii. Dada, vilikuwa vizuri mno, vyeupe, vinang'aa. Watu walikuja kuviangalia tu. Nikatia nyuzi, nikakaza, na vyote saba vikarudi nyuma vyenyewe mbele ya macho yangu. Kalonda hakucheka. Alilichukua gambusi, akachungulia matundu moja moja, akaniambia, "Pembe inateleza sana, haishiki. Na mbao ya hiki kichwa imezeeka, pembe itaiponda. Tutafute muti. Muti mukavu, wenye ulisahau maji."

Tukaenda kutafuta. Sokoni tulikuta vipande vya ule mti mwekundu ambao wanawake wa huku huusaga unga wa kujipaka. Mimi niliufurahia kwa rangi yake. Yeye aliugonga kwa ukucha, akaunusa, akaurudisha, akasema bado unakunywa maji. Vipande vilivyobaki vya milango akasema ni vyepesi. Mwisho aliingia jikoni kwa Mama Zaina, mpishi wetu, akaona nyuma ya mafiga mchi wa zamani uliopasuka ncha. Mama Zaina akaukumbatia, akasema ametwanga nao mpunga tangu alipofika Kasongo na hautoi. Ilinibidi nimwahidi kumtaja kwa jina katika wimbo harusini, ndipo akauachia. Kalonda alipoupasua, ndani ulikuwa mkavu kama mfupa.

Alifanya kazi siku tatu, nami nimekaa pembeni nikitazama. Kila kigingi alikichonga kwa tundu lake, kinene karibu na kishikio na chembamba mwishoni. Hukitia, hukizungusha, hukitoa, hutazama mahali palipong'aa kwa kusuguana, hupapunguza kidogo, hukitia tena. Matundu yaliyokwenda upande aliyanyoosha kwa kisu chembamba. Mwisho alivipaka udongo mweupe mkavu, visiteleze wala visikwame.

Katika kukaa huko nilimwuliza kwao ni wapi. Akasema kijiji chake kiko mbele ya mahali paitwapo Wamaza, unakwenda kwa miguu kutoka Kabambare. Watu wenye bunduki walimchukua shambani, na walikuwa watu wa nyumba hii hii. Mkewe alibaki. Watu waletao mpunga wamemwambia mwanamke yuko hai, na hajaolewa na mtu mwingine. Dada, miaka minne nimekula katika nyumba hii, nimepita mbele ya milango yake asubuhi na jioni, na sikuwahi kumwuliza hata mara moja. Niliona haya.

Alipomaliza kigingi cha saba nilimwuliza nimpe nini. Nikataja nguo, nikataja shuka yangu mpya. Akatikisa kichwa.

"Bwana alisema utaomba," aliniambia. "Uniombee miye."

Nilichukua gambusi nikaondoka, na siku zote mpaka harusi nilikuwa nikimkwepa.

Siku ya harusi, baada ya sala ya alasiri, watu walijaa uani. Nilikaza nyuzi mbele yao, na kila kigingi kilisimama palepale nilipokiacha. Nikapiga ule wimbo ambao baba alikuwa akiupiga barazani, mpaka wazee waliotoka pwani wakafuta machozi. Nikapiga wa Mama Zaina, jikoni vikatoka vigelegele. Nilipiga hadi karibu na magharibi, na hakuna uzi uliolegea, hata mmoja. Sijapata kupiga vile maishani mwangu.

Bwana Nasoro akasimama, akasema, "Haya, omba."

Maneno yangu nilikuwa nayo tayari. Nilipofungua kinywa nilisema, "Nakuomba Kalonda, bwana. Umwache huru aende kwao."

Bwana akasema, "Nilidhani utaomba Pangani."

"Hata mimi nilidhani hivyo, bwana."

Akauliza mlango wa chumba cha bibi harusi utamaliziwa na nani. Kalonda mwenyewe akajibu kutoka nyuma ya watu, "Imebakia siku ine." Wageni wakacheka, na bwana naye akacheka, nikajua amekubali.

Hati ya uhuru nimeiandika mimi, na bwana ameitia muhuri mbele ya mashahidi. Bila hati, msafara wa kwanza atakaokutana nao ungemfunga tena. Mlango umekwisha, na asubuhi hii anaondoka na msafara wa pwani hadi Kabambare, halafu ataishika njia ya Wamaza.

Kwa hiyo, dada, msafara huu unakuletea barua, haukuletei mimi. Nisamehe. Najua ulinihesabia. Bwana anasema atatafuta karani mwingine mvua zijazo, nami namwamini nusu. Ila usinihuzunikie, maana tangu siku ile natembea mjini nikiimba peke yangu.

Nisalimie shemeji. Nisalimie shangazi yetu, umwambie wimbo wa kaka yake umesikika Manyema. Msalimie jirani yetu mshona kofia, na mwanao umbusu, umwambie ana mjomba.

Kiongozi wa msafara amekwisha piga ngoma. Kalonda yuko mlangoni na mzigo wake, hati ameifunga kifuani kwa kitambaa. Ameniuliza naandika nini hivi bila kuchoka. Nimemjibu naandika jina lake, liende Pangani. Akaja akainama juu ya karatasi, akataka nimwonyeshe liko wapi. Nimemwonyesha. Ameweka kidole juu yake, na bado hajakiondoa.

Ni mimi mdogo wako,
Idi, Kasongo