Gauni la Jumamosi

Ni mwaka mmoja sasa, Baba, tangu utoe mguu kwenye kanyagio la cherehani usirudi tena. Ulituaga alfajiri, kabla jirani yeyote hajafungua mlango. Hata hilo halikutushangaza.

Mafundi wa mtaa mzima wimbo wao ulikuwa mmoja: "Njoo kesho." Wewe uliona haya hata kulitamka neno hilo, wakakubatiza Fundi Leo. Ulituambia kumdanganya mtu siku ni kumwibia umri, na umri ni amana ya Mungu.

Tena ukiwahi, hukumsimanga aliyechelewa. Jirani yako kinyozi ulimshikia wateja wake kila asubuhi, ukiwapigia soga wasiondoke. Akitokea, unamwambia tu, "Karibu bwana, kiti chako hakijapoa." Aliona aibu kwelikweli. Kesho yake alichelewa vilevile.

Ulipotutoka, gauni la bibi harusi lilibaki mezani, upindo umepigwa chaki tu, nawe ulimwahidi Jumamosi. Alhamisi alikuja msibani, akalia, akampa Mama pole, wala gauni hakulitaja. Shangazi akasema, "Msiba ni msiba. Atavaa jingine, ataelewa."

Ijumaa asubuhi Mama aliinuka mkekani akaenda kuketi kwenye kiti chako. Yeye, ambaye miaka yote alikushonea vifungo tu!

"Wifi, watu watasema nini?"

"Waseme. Mume wangu hajapata kumwambia mtu njoo kesho. Hataanza sasa kwa kuwa amekufa."

Alishona, akafumua, akashona tena taratibu hadi usiku, akigeuza uso machozi yasidondokee kitambaa. Sisi tulimshikia taa na pindo.

Jumamosi bibi harusi alilivaa. Upindo ulikwenda upogo kidogo upande wa kushoto. Wewe ungeuona, na ungenyamaza.

Kinyozi siku hizi anafungua mapema. Anasema hana tena wa kumshikia wateja. Tunakukosa sana, Baba.

Unakumbukwa na mkeo, aliyerithi kiti chako, binti yako mwalimu, mwanao dereva, kitindamimba wako mchelewaji, ambaye bado tunamngoja mezani bila kumsimanga, kama ulivyotufundisha, dada yako, wajukuu, na jirani yako kinyozi.

Tangazo hili Mama alilipeleka gazetini mwenyewe, mapema, ili litoke siku yenyewe. Tutakukumbuka daima, Baba, wala hatutasema kesho.