Mufanyakazi wa nini?

Jumanne, Likasi

Sasa angalau najua kwa nini orodha ya wafanyakazi kwenye skrini ya programu ninayoiandika ilibaki tupu. Nilikuwa nimeiunganisha na aina ya jumla niliyoiita "Mufanyakazi", kisha nikajaribu kuingiza mtu mmoja wa majaribio. Kompyuta ikakataa. Kwake hakuna mfanyakazi hivihivi tu. Lazima awe fundi, dereva, mlinzi. Nikaweka fundi, jina likatokea palepale. Nilipiga makofi peke yangu ofisini!

Nyumbani nikamsimulia papa. Tangu idara yake kiwandani ifungwe, bado anavaa salopeti ya kazi kila asubuhi, kisha anakaa mlangoni.

"Na miye, utaniweka wapi?"

"Muko mufanyakazi, papa."

"Wa nini?"

Jibu langu hilohilo, mufanyakazi tu, mashine ilikuwa imelikataa asubuhi.