Lita Thelathini na Tano za Hewa

Hamra, Hälsingland
Jumamosi, 19 Oktoba 2024
Asubuhi: theluji ya majimaji, upepo wa kaskazini.

Mpendwa wifi yangu Ingegerd,

Salamu nyingi kutoka kwetu. Mgongo umepata nafuu? Na huko Australia joto limeanza? Sisi kwa kututazama hatujambo. Tuva ametimiza miaka kumi na sita, mimi niko palepale maktaba, na kaka yako Torgny anakula, anafanya kazi, anacheka. Lakini ni habari zake ninazokuandikia, na barua hii nimeiahirisha mno.

Nianze na gari. Tuva sasa ana gari la vijana, lile la mwendo wa kilomita thelathini kwa saa lenye pembetatu nyekundu nyuma, kama lile ambalo Torgny alikuwa akikupakia. Bila muziki hilo si gari, basi akataka sabufa, ile spika ya besi. Wenzake wana za inchi kumi na tano, kwenye maboksi makubwa kama majeneza. Yeye alitumia akili: akachagua moja ya inchi kumi na mbili, iliyokwisha kutumika, ya bei nafuu, kwa sababu inaridhika na boksi la lita thelathini na tano lililozibwa kabisa, na hilo linaenea nyuma ya kiti.

Boksi alitaka lijengwe na baba yake. Nani mwingine? Miaka thelathini anatengeneza makabati ya jikoni, na hakuna mlango wake unaogoma kufungika.

Mezani, tukila viazi na samaki, Tuva alimweleza kwamba lita hizo ni za ndani, ukishatoa unene wa mbao, na kwamba uongeze kidogo kwa nafasi inayoliwa na spika yenyewe.

"Mwanangu, kabati hupimwa nje," Torgny akacheka. "Ndani utapima nini, hewa?"

"Ndiyo, baba. Hewa ndiyo inayofanya kazi."

Akakubali. Yeye mwenyewe alisema kwamba kwa ubao wa milimita kumi na nane, tukipima nje, tungepoteza karibu theluthi. Nilikuwepo, nikimimina kahawa.

Boksi likatoka zuri, pembe zake huwezi kupitisha wembe. Ijumaa ya wiki iliyopita Tuva akaliwasha mbele ya duka, wanakokutana vijana. Melker wa jirani akamuuliza kama amemfungia mbwa humo, maana anakohoa. Kwa hasira akaongeza sauti, akaongeza tena, mpaka ikanuka kuungua. Nyumbani alimwambia baba yake spika ilikuwa kuukuu, imekufa.

Sikuamini. Nilichukua tepu nikapima: arobaini, thelathini na tano, ishirini na tano. Lita thelathini na tano kamili, kwa nje. Ndani hazifiki ishirini na tano. Nilipombana Tuva, alisema alijua kwamba ni dogo tangu alipolibeba.

"Afadhali iungue, mama, kuliko nimwambie."

Ningesema ni mkono wa fundi, umekwenda ulikozoea. Lakini nilipomuuliza Torgny taratibu, alisema hakuna aliyemwambia apime ndani. Nikamkumbusha yale ya mezani. Alinitazama kama mtu anayesimuliwa habari za wageni waliokuja yeye akiwa safarini.

Wifi, mtu huyu anashinda mbele ya msumeno wa umeme. Nimechukua miadi kwa daktari Alhamisi, naye bado hajakubali kwenda. Wewe ndiye uliyekuwa nyumbani baba yenu alipoanza kusahau. Alianzaje? Alikuwa na umri gani? Torgny ana hamsini na nne. Usinifiche kwa kunihurumia.

Jana Tuva alipata spika nyingine, wakaanza boksi jipya. Unajua msumeno ule hauguswi na mtu ila Torgny. Wewe mwenyewe uliwahi kuchapwa kwa kuugusa. Nilipopeleka kahawa karakanani nilimkuta Torgny amesimama upande wa msumeno usio wake.

"Wewe kata," alikuwa akimwambia. "Mimi nitashika ubao."

Tuva alikuwa akitaja vipimo vya ndani kwa sauti, kimoja kimoja, na baba yake akiitikia kwa kichwa. Niliweka vikombe nikatoka.

Msalimie mumeo Desmond, na Kerry na mtoto wake. Mama yangu pia anakusalimu. Mungu awalinde, na kila mlichokipenda kibaki mikononi mwenu.

Wifi yako akupendaye daima,
Solveig

N.B. Jumapili asubuhi, theluji imekatika. Ukipiga simu, omba kuongea nami kwanza. Usingizi niliupata saa nane na robo usiku.