Bahasha Niliyoifungua kwa Mvuke

Chumba cha mbele,
Nyumba inayotazamana na karakana ya baiskeli.
Tarehe 9 Machi.

Mpendwa ndugu yangu Miwani,

Humu ndani utakuta bahasha ya pili, kuukuu, yenye jina lako. Ni yako, nami nimeificha kwa miaka hamsini na mmoja. Nakuomba usiifungue kabla hujamaliza kunisoma.

Baada ya hilo, hujambo? Magoti je, na yale macho yaliyokupa jina? Mimi nipo kwa kusukumwa. Moyo umechoka. Daktari ameacha kunikataza chumvi, nami najua maana yake.

Uliniuliza habari za mji wetu. Bado ni barabara mbili na mzunguko mmoja. Nilifundisha upimaji ardhi chuo cha ufundi mpaka nikastaafu, kisha nikajitengea chumba hiki chenye dirisha linaloona lango. Mkemia, mwenzetu wa kitanda cha ukutani kule masomoni, ana duka la rangi. Kila Alhamisi huja tukacheza karata, na hachoki kunitania: "Rula, wewe hata ukipewa chai unaipima kwanza." Ninacheka. Akishaondoka nazihesabu karata.

Mkwe wangu ananitunza vizuri mno, na hilo ndilo linalonitia shaka. Anajuaje vidonge vimebaki vingapi kabla sijamwambia? Kila barua inayoingia naishika kwenye mwanga nikague gundi. Juzi alinikuta nabandika unywele kwenye droo yangu, nijue kama itafunguliwa. Akaniuliza, "Baba, soksi zako nani azitake?" Barua hii sikumpa aipeleke. Ataiposta Mkemia, nami nimetia sahihi juu ya kifuniko ili ujue kama imeguswa.

Watu wanadhani nilizaliwa hivi. Hapana. Nawashuku wenzangu kwa tendo ambalo nililitenda mwenyewe.

Unakumbuka utaratibu wa chumba chetu: anayetangulia kutoka darasani anapitia kwa bawabu, anachukua barua za wote watatu, anaweka ya kila mtu juu ya mto wake. Mwaka ule wa mwisho ulikuwa umemwandikia mzee wako mara tatu kumwomba radhi. Ulimwacha peke yake na kiwanda cha mbao ukaenda kusoma, naye alikuwa amekwambia ukiondoka usirudi. Kila jioni uliutazama mto kabla hujavua koti.

Siku hiyo nilitangulia mimi. Barua yako ilikuwepo, na mwandiko wa juu ulikuwa wa mchumba wangu: zile herufi za duara, ule mkia mrefu. Nawe wiki nzima ulikuwa kimya, unanikwepa macho. Nikajumlisha kama kawaida yangu, nikapata jibu baya. Nikachemsha birika, nikaifungua bahasha kwa mvuke.

Hakuwa yeye. Alikuwa mzee wako, kwa ile penseli yake ya zambarau ya kutilia alama mbao. Bahasha aliiandika dada yako mdogo, ambaye alifunzwa kuandika na mwalimu yule yule aliyemfunza mchumba wangu. Na penseli ile haipatani na maji. Kurasa ziligeuka zambarau mikononi mwangu. Ningekupaje? Nikaisukuma chini ya godoro, nikajiahidi kukwambia kesho.

Mwezi uliofuata ukasema, "Mzee kaninyamazia. Basi, nami nabaki huku." Ukatia sahihi mkataba wa kazi. Nilikusaidia kusoma masharti yake.

Dada yako aliamini uliipata ukaipuuza, ndiyo maana hajakuandikia mpaka leo. Mzee alipofariki, habari ulizipata kwangu. Dada yako amekuita mwenye moyo wa jiwe mbele yangu, mara nyingi, nami nikaendelea kukoroga chai. Bado yu hai, nyumba ya pembeni mwa shule. Barua kama hii nimemwandikia pia, na Mkemia atampelekea leo. Marehemu mke wangu, yule yule mchumba wa siku zile, hakuambiwa kitu. Karakana ninayotazamana nayo ndiyo iliyokuwa kiwanda cha mzee wako. Jina lake bado linasomeka juu ya mlango.

Nisalimie shemeji na wajukuu. Mkemia anakusalimu, hata mkwe wangu ambaye humjui. Mungu akupe miaka mingi kuliko yangu, na usingizi mzuri kuliko wangu.

Sasa unaweza kufungua. Siku zote nimejifariji kwamba maneno yalifutika, kwamba hata ningekupa usingesoma kitu. Si kweli. Mvuke haukuufikia mstari wa mwisho, na niliusoma siku ile ile, nikiwa nimesimama kando ya kitanda chako: "Rudi mwanangu, kitanda chako hakijalaliwa na mtu."

Wako akupendaye, hata baada ya haya,
Rula