Nyayo za Mama Kwenye Sinema

Nyumbani,
chumba cha nyuma kilekile.
Jumapili, nguo ziko kambani.

Mpendwa mdogo wangu,

Hujambo huko uliko? Mgongo umepoa? Shemeji na watoto wazima? Sisi tupo. Miguu inanisumbua, ila mdomo, kama unavyojua, haujawahi kuugua.

Kwanza umbea. Jirani yetu fundi cherehani kapata mchumba, mwanamume mfupi mpaka suruali anamshonea kwa mabaki ya kitambaa. Hayo tutayacheka vizuri ukija.

Sasa nina jambo zito. Kaka yetu Kipaza siku hizi anaweka sauti kwenye sinema za kutisha. Jikoni kwangu karoti hazikai, anazivunja ndani ya kitambaa kilicholowa, eti huo ni mfupa wa mtu! Ananiambia, "Dada, watu hawaogopi wanachokiona. Wanaogopa wanachokisikia kabla hawajaona." Basi mwanzoni anaweka mngurumo wa friji, hivi hivi tu, mpaka unausahau. Halafu anauzima ghafla. We! Hapo hata kumeza mate unaogopa.

Wiki iliyopita alitupeleka, mimi na fundi cherehani, kuiona hiyo sinema kabla haijatoka. Nje mchana kweupe, ndani giza. Picha hakuna. Friji inanguruma, ikakata. Kimya. Halafu ndala. Pa, shrrr. Pa, shrrr. Mguu mmoja unakanyaga, mwingine unaburuzwa.

Mdogo wangu, ni mama.

Kumbe alimrekodi koridoni enzi za uhai wake, akamwambia tembea tu mama, najaribu mashine. Unakumbuka alivyokuwa akija kutukagua, sisi tumejifunika shuka tunabana kicheko? Ndiyo hivyo hivyo. Ukumbi mzima watu wameshikana, fundi cherehani kaning'ang'ania kwa kucha mpaka leo nina alama. Nikajikuta nasema kwa sauti, "Tumelala, mama!" Watu wakacheka, ila kile kicheko cha mtu anayetokwa jasho.

Tulipotoka nilimwakia Kipaza: "Mama yetu unamfanya jini?" Kesho yake akanisikilizisha nyayo za mtu mwingine, wa kukodi. Zilikuwa nzuri tu. Lakini mle koridoni hamkuwa na mtu, mdogo wangu. Nikalia kama siku ya mazishi, ile ambayo wewe hukuiwahi. Nikamwambia amrudishe.

Sasa Kipaza anasema bila neno lako hamkabidhi mtu hiyo sinema. Mama hukumzika, basi angalau hili uamue. Nakutumia hiyo sauti kwenye simu. Isikilize mchana, usiwe peke yako. Ukisema atolewe, atatolewa, wala sitanuna.

Kitu kimoja tu ukijue. Zile nyayo zinafika mlangoni, zinasimama. Haziondoki. Nilimuuliza Kipaza, mbona harudi chumbani kwake? Akasema, "Hapo ndipo nilipozima mashine, dada."

Basi yuko pale pale. Tangu siku hiyo nalala mlango wazi.

Nisalimie shemeji, na yule mwanao wa mwisho mwenye meno ya sungura, na wifi yako mkorofi hata kama hataki salamu zangu. Kipaza anakusalimu, anasubiri neno lako. Mungu akulindie usingizi wako na wa wanao.

Ni mimi nikupendaye, niliyelala nawe shuka moja,
Dada yako