Mama, Hatuwezi Kuusoma Mwandiko Wako

Mwaka umekatika, Mama, tangu asubuhi ile ulipotutoka, na nyumba hii bado haijui la kufanya.

Majirani walikuita Mama Chaki, maana hukuwahi kurudi kutoka chuoni bila unga wa chaki kwenye mikono ya gauni. Wanafizikia wa nchi za mbali walikuita Profesa, wakakuandikia kukuuliza kuhusu chembe ndogo zisizoonekana kwa macho. Baba, fundi wa kuchomelea mageti, akiulizwa mkewe anafanya kazi gani, alijibu, "Anafikiri. Mimi nikifikiri naambiwa nazubaa."

Chai ulikuwa ukiisahau mpaka inapoa, kisha unainywa hivyohivyo ukidai ndivyo uipendavyo. Mwanafunzi hukumsahau hata mmoja. Yule aliyekuja akilia kwamba hesabu zimemshinda, ulimkalisha jikoni kwetu wiki tatu hadi zikamwingia. Ndiye aliyerudi baadaye, akiwa mhadhiri, kukuonyesha kosa katika kazi yako ya miaka kumi na mmoja, kazi iliyokupa jina. Uliipitia mara mbili, ukamshukuru, kisha ukasimama mbele ya wenzako ukasema umekosea. Kuna waliocheka. Ulirudi nyumbani ukajifungia bafuni, ukafungulia bomba ili tusikusikie. Tulikusikia, Mama.

Kesho yake ukaanza upya. Miaka minne. Siku moja ukatoka chumbani na tabasamu tulilokuwa tumelisahau, ukamwambia Baba, "Zimebaki hatua chache." Wiki hiyohiyo kiharusi kikakuangusha, kikachukua kauli yako na mkono wa kulia.

Siku nane hospitalini ulichora kwa mkono wa kushoto. Mstari, duara, mstari. Tulidhani unataka maji, tukakupa. Tukadhani unasikia baridi, tukakufunika. Ulikunywa, ukakubali blanketi, ukatutazama. Siku ya tisa hukuishika tena kalamu.

Baada ya mazishi, yule mhadhiri wako alikaa na karatasi zako miezi mitano. Akaja kutueleza kwamba zile za mezani ziko wazi mpaka mahali fulani, halafu zinakatika. Za hospitalini ndizo mwendelezo, ila mistari imepandana, hasomi kitu. Baba akamuuliza taratibu, "Kwa hiyo hakuwa na kiu?"

Mtoto wa watu akamrudishia karatasi zote mikononi.

Tusamehe. Tulikuwa sita kando ya kitanda chako, na hakuna hata mmoja aliyeijua lugha yako. Tumetuma nakala kila tulikoelekezwa. Wanatujibu kwa pole tu.

Baba amefunga karakana. Anashinda mezani kwako na kitabu cha hesabu cha shule ya msingi, na mimi, binti yako mwalimu, ndiye ninayemsahihishia. Bado yuko kwenye hesabu za sehemu, nusu na robo. Jana alikosa maswali manne, akafuta, akarudia. Nikamwambia kwa umri wake hawezi kufika ulikokuwa. Akasema, "Najua. Nipe kifutio."

Unakumbukwa na mumeo, na sisi wanao watatu, mwalimu, nesi na dereva, na dada yako, na mkweo, na wajukuu zako wawili, na mhadhiri wako, ambaye sasa ni mtoto wa nyumba hii.

Hatutachoka kukukumbuka, Mama.